Kumfukuza askari hakumtoi kwenye unga

Kaka, unasema askari aliyetoka vitani akikutwa na unga, yaani heroini, afukuzwe, basi. Marekani wengi waliofukuzwa jeshini kwa cheti kibaya cha kuachishwa kazi walikosa hata matibabu ya wanajeshi wastaafu. Lakini mwaka 1971, vita vya Vietnam vikiendelea, jeshi lao lilianza kuwapima askari mkojo kabla ya kupanda ndege ya kurudi kwao. Aliyekutwa na heroini alibakizwa kwanza asafishwe mwili. Utafiti wa Lee Robins, mtafiti wa Marekani aliyewafuatilia askari hao, ukaonyesha wengi waliokuwa mateja kule hawakuurudia uteja walipofika kwao. Hapa Malindi methadoni, dawa ya kutibu uteja wa heroini, ipo hospitalini, mtu anainywa mbele ya mhudumu kisha anaenda zake kazini. Askari aliyelinda msitu wa Boni kule Lamu anyimwe kwa nini? Akiuza bunduki ya serikali, hiyo kesi nyingine, mshitakini.