Re: Fulana za mashindano zinapauka zikifuliwa

Dadangu, ulouliza kwa nini fulana za mashindano ya mashua ulizopiga chapa hapo Lamu zimepauka kufuliwa mara moja tu, shida si mashine ya kupigia chapa, ni kitambaa. Umesema ni pamba tupu, sasa wino wa sablimesheni, ule unaohamishwa kutoka karatasi hadi kitambaa kwa moto wa mashine, haushiki pamba, ule ukipata moto unageuka mvuke unaingia ndani ya nyuzi za poliesta, kwenye pamba unakaa juu juu tu, maji yakipita nao waenda. Tafuta poliesta tupu, au angalau 65% ingawa hapo rangi itatoka imefifia kiasi, na iwe nyeupe au rangi nyepesi manake wino huu hauna weupe, juu ya nyeusi huoni kitu.

Moto wa mashine weka kama 200°C, sekunde 45 hadi 60. Na huku kwetu pwani unyevu ni mwingi mno, kwa hivyo kabla ya kuweka karatasi yenye picha, ipige fulana tupu kwa mashine sekunde chache, utaona mvuke mwembamba watoka pembeni, huo ukibaki ndani ndio unaoleta madoa na kingo za ukungu. Karatasi ishike kwa tepu ya moto, ile inayostahimili joto, ikisogea kidogo tu ukifungua mashine unapata picha mbili mbili.

Wateja waambie wageuze nje ndani, maji baridi, blichi hapana, pasi isipite juu ya picha. Zile za pamba zilizobaki tafadhali usiuze, zitarudi zote.