Re: Nahamia Unguja kutoka Nairobi mwezi wa sita, Mwaka Kogwa nitauonaje?

Ndugu, umeuliza kama mgeni anaruhusiwa kwenda Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, kusini mwa Unguja, na avae nini. Nenda tu. Makunduchi wanaona ni heri nyumba kuwa na mgeni siku hiyo, kwa hiyo ukikaribishwa chakula usikatae.

Sherehe huwa Julai, kuanzia katikati kwenda mwishoni. Usikate tarehe kwa kalenda ya mwaka jana. Waulize wenyeji wa kusini wiki chache kabla. Kutoka mjini ni kama kilomita 65. Panda daladala ya Makunduchi asubuhi na mapema, na panga usafiri wa kurudi kabla hujaondoka, maana jioni ndipo watu hukwama.

Uwanjani wanaume hupigana kwa mabua ya migomba, upande kwa upande, kufuta kinyongo cha mwaka. Bua bichi ni laini, limejaa maji, haliumizi sana, ila utomvu wake ukiingia kwenye nguo hautoki. Shati jeupe liache nyumbani! Wanawake huzunguka na kanga zao wakiimba, na maneno mengine ni makali, cheka, usinune.

Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto, mzee akiwa ndani, naye huchomoka mbio. Makuti makavu huteketea dakika chache tu, kwa hiyo simu iwe tayari. Angalia upepo kwanza: wazee husoma bahati ya mwaka kwa kutazama moshi unaelekea wapi, na huko ndiko usikotakiwa kusimama.

Mabega na magoti yafunikwe. Picha za kina mama, omba kwanza.