Ukitafuta ukoo wako Mtwara na Lindi, anza kwa mjomba

Watu wakiniuliza waanzie wapi kuandika historia ya familia, mara nyingi nakuta wameshaanza. Wamenunua daftari, wameandika jina lao, la baba na la babu, na hapo wamekwama. Sasa, kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo kwa asili hufuata upande wa mama. Anayejua mlitokea wapi, nani kazaliwa na nani, nani karithi jina la nani, ni kaka wa mama yako, kaka wa bibi yako, na dada zao. Majina matatu ya kwenye kitambulisho yote ni ya kuumeni. Ukiyafuata hayo peke yake utapata watu, lakini ukoo hutaupata.

Kwa hiyo nenda kwa mjomba. Usiende mikono mitupu, na mweleze mapema unachotaka, maana mzee akiona daftari na kalamu ghafla huwaza mirathi. Mjomba wangu wa Newala aliniuliza hata kabla sijakaa vizuri, "Shamba gani hilo mnataka kuuza?" Nilipomwambia nataka majina tu alicheka, kisha akaniambia nirudi na mama. Habari za ukoo haziongelewi na mpwa peke yake wakati mama mtu yuko hai. Tuliporudi wawili, aliongea mpaka adhana ya magharibi, na mama akawa anamkosoa kila baada ya jina la tatu. Masahihisho yale ya mama yalikuwa na faida kuliko simulizi yenyewe.

Familia nyingi za mwambao, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, huhesabu nasaba kwa baba kwa kuwa Uislamu umekaa huko karne nyingi. Nyie anzeni kwa baba. Ila ulizeni pia karatasi ya hitima, ile orodha ya marehemu anayosomewa mwalimu ili awataje kwenye dua. Nimeiona moja iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, majina tu, mstari mmoja kwa kila mtu, na wanawake wamo. Wenyewe hawakuwahi kuiona kuwa ni historia. Ilikuwa imekunjwa ndani ya msahafu.

Kuhusu tarehe, usimwulize bibi amezaliwa mwaka gani. Atakwambia "zamani," na mazungumzo yameishia hapo. Muulize alikuwa wapi jambo fulani lilipotokea, na alikuwa na ukubwa gani. Kwa watu wa Lindi, kimbunga cha Aprili 1952 kinafaa sana: ulikuwa umeshachezwa unyago? Ulikuwa umeshaolewa? Mtoto wa mgongoni alikuwa nani? Akisema alikuwa ametoka unyagoni lakini hajaolewa, umeshapata makadirio ambayo pengine ni bora kuliko tarehe ya kwenye cheti alichoandikiwa ukubwani. Kwa Nachingwea kuna mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Wenye ndugu ng'ambo ya Ruvuma wana vita vya ukombozi wa Msumbiji, 1964 hadi 1974. Na karibu kila mtu wa rika la wazazi wetu anakumbuka kuhamishiwa vijiji vya ujamaa katika miaka ya sabini.

Mambo ya nyuma zaidi bibi hakuyaona, lakini aliyasikia. Maji Maji ni 1905 hadi 1907. Vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipita kwetu mwaka 1917: Oktoba walipigana Mahiwa, Novemba Wajerumani wakavuka Ruvuma. Majeshi yote mawili yalichukua wapagazi. Kama kwenye simulizi zenu kuna mjomba "aliyekwenda na mizigo asirudi," mweke hapo kwanza mpaka upate ushahidi mwingine.

Na muulize akiwa na kazi mkononi. Bibi yangu ukimkalisha kwenye kiti mbele ya simu anakuwa kama yuko mahakamani, anajibu ndiyo na hapana. Lakini akibangua korosho anaongea mwenyewe. Anapaka majivu viganjani ili utomvu wa maganda usimuunguze, analaza korosho juu ya jiwe, anagonga mara moja, punje inatoka nzima. Simu naiweka kwenye kigoda pembeni, nimeiweka kwenye hali ya ndege ili mtu asipige katikati. Mlio wa jiwe unasikika kote kwenye rekodi, na siujali. Mwanzoni kabisa nasema mwenyewe tarehe, mahali, na majina ya waliopo. Bila hivyo, miaka kumi baadaye utakuwa na sauti usiyojua ya nani.

Majina yanataka subira kuliko kitu kingine chochote. Mwanamume wa zamani wa huku angeweza kuwa na jina la utotoni, akaliacha likumbini, yaani kambi ya jando, akatoka na jina la jando, akasilimu au kubatizwa akapata la tatu, akaenda kukata mkonge akaandikwa na karani jina la nne. Katika familia yetu tulikuwa na simulizi za watu watatu: mmoja aliyekimbia njaa, mmoja aliyekuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, huko Lindi, mmoja aliyejenga Masasi. Bibi ndiye aliyetutoa gizani, siku tulipowataja wote mbele yake kwa mpigo. Akauliza, "Mbona mnamhesabu mtu mmoja mara tatu?" Kwa hiyo kwenye daftari mpe kila mtu ukurasa wake, juu acha nafasi ya majina mengi, na kila jina liandikie nani alilitumia. Wajukuu wanaorithi majina ya mababu nao wana vurugu yao. Tofautisha kwa jina la mama: huyu wa fulani, yule wa fulani. Ndugu wa Msumbiji watakuwa wameandikwa Kireno, kwa hiyo sauti ya k utaikuta c au qu, na w huenda imekuwa u. Usimkatae mtu kwa sababu ya herufi.

Wakristo wana bahati ya vitabu vya ubatizo. Waanglikana wa UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, walifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walifungua Lukuledi na Nyangao miaka ya 1890, kisha Ndanda mwaka 1906. Misheni za Lukuledi na Nyangao zilichomwa wakati wa Maji Maji, kwa hiyo vya kabla ya 1905 usivitegemee sana. Vitabu vya zamani vya Wakatoliki ni vya Kilatini, lakini usiogope, safu ni zilezile: jina, wazazi, mahali, msimamizi. Msimamizi usimruke, mara nyingi ni ndugu. Nenda ofisi ya parokia siku ya kazi, ukiwa na jina la ubatizo na makadirio ya mwaka, na usipige picha kabla ya kuruhusiwa.

Mwenye nafasi ya kufika Dar es Salaam aende Nyaraka za Taifa. Kuna daftari za wilaya za enzi za Mwingereza, ambamo maafisa waliandika habari za makabila, koo na majumbe. Zisome ukijua nani alikuwa anaongea. Jumbe aliyeulizwa na bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, asili ya ukoo wake alikuwa na kila sababu ya kuuweka mbele ya koo nyingine.

Baada ya majina, tembelea mahame. Kabla ya ujamaa watu wengi waliishi wametawanyika, kila ukoo na mahali pake, na makaburi yalibaki huko walipotoka. Utayatambua mahame kwa miembe mikubwa iliyosimama mahali pasipo na nyumba, vigae vya vyungu, pengine jiwe la kusagia. Nenda na mzee anayepajua, hifadhi eneo kwenye ramani ya simu papo hapo, na andika nani alikaa upande gani. Muone kwanza mwenye shamba la sasa. Kuanzia Oktoba korosho zinapoanguka, mgeni anayezungukazunguka chini ya mikorosho ya watu akidai anatafuta kaburi la babu hataaminiwa, na mimi pia nisingemwamini.

Karatasi na picha. Adui zetu ni mchwa, unyevu wa pwani na watu wa kupiga laminesheni. Hati ya zamani usiipige laminesheni hata kidogo: joto linaiumiza, na plastiki ikishashika haitoki tena. Iweke ndani ya bahasha ya karatasi, kwenye sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni na kuachana na ukuta. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue. Ipige picha hivyohivyo mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, ukiinamisha simu kidogo mpaka mng'ao uondoke. Majina yaandike nyuma ya picha kwa penseli laini. Wino wa kalamu hupenya ukatokea usoni mwa watu. Usidharau vikaratasi: kipande cha manamba, stakabadhi ya kodi, kadi ya TANU, risiti za chama cha ushirika. Kila kimoja kinamweka mtu mahali fulani, wakati fulani, kwa jina alilotumia siku hiyo.

Kutuma picha kwenye kundi la WhatsApp si kuhifadhi. Picha inapunguzwa ubora, na simu ikiibiwa imekwisha. Itume kama dokumenti, weka nakala kwenye flashi, na nakala nyingine kwa ndugu anayeishi mji mwingine.

Kushirikisha wengine ndiko kunakotaka akili zaidi. Kusini kuna familia zenye mababu waliouzwa na zenye mababu waliouza. Kilwa Kivinje ilikuwa soko kubwa la watumwa, na utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, yaani bibi zetu waliwajua kwa sura watu waliowahi kuwa watumwa. Nikiambiwa jambo kama hilo naliandika, naandika na aliyeniambia, kisha nalifungia kwenye daftari la pembeni. Kundi la familia si mahali pake, kwa sababu bado kuna wanaotumia habari hizo kumnyima mtu mke au shamba. Watoto wa nje ya ndoa ni hivyohivyo, waulizwe wenyewe kwanza. Nyimbo na mafunzo ya jando na unyago mimi sirekodi kabisa. Naandika nani alichezwa wapi na somo wake alikuwa nani, inatosha.

Mti wa ukoo uliochorwa unaweza pia kupelekwa baraza la ardhi bila wewe kujua. Andika juu yake, kwa herufi kubwa, kwamba si hati ya mirathi. Sijui kama wakili angeridhika na maneno hayo, lakini wajomba wanaridhika.

Nilichokiona kinafanya kazi ni kitabu cha kutengenezwa stesheni, yaani duka la fotokopi: kurasa zilizochapwa kwa herufi kubwa, zikapigwa fotokopi na kufungwa kwa springi, kila ukurasa ukiachiwa mistari mitupu. Gharama tulichanga. Vigawe wakati watu wamejaa nyumbani, likizo ya Juni au Desemba kukiwa na sherehe za jando, au kwenye arobaini baada ya dua. Mtafute kijana mwenye sauti asome kwa wote, na wewe kaa pembeni na kalamu. Watani nao waacheni waropoke, wanakumbuka aibu za ukoo wenu kuliko ninyi. Ubishi utakuwepo. Wajomba wawili wakitofautiana nani alikuwa dada mkubwa, andika zote mbili na jina la kila msemaji, usichague. Kisha kusanya nakala zilizoandikwa pembeni kabla watu hawajapanda basi, maana zikishafika Dar hazirudi.