Funga ya Nusu Siku

SWALI: Mama yangu alitufunza kufunga Ramadhani tungali wadogo, tukianza kwa nusu siku. Binti yangu ana miaka 7. Je, nimfuate mama? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Mfuate, dada yangu, lakini usimlazimishe mtoto, kwa kuwa funga haimpasi kabla ya kubaleghe, na nusu siku ile ni mazoezi tu. Mwamshe ale daku nanyi, akoroge uji wa futari, akusikie ukinuia. Mama zetu walifundishia jikoni kuliko chuoni. Mwana Kupona, mshairi mzaliwa wa kisiwa cha Pate, alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alitanguliza kushika dini, kisha adabu, kabla ya mambo ya mume (ambayo ndiyo wengi huyakumbuka). Binti akiomba maji adhuhuri, mpe.