Kutoka Bongo Fleva kwenda singeli bila kuvuruga ukumbi

Mdogo wangu, unasema ukiwa DJ kwenye harusi, ukitoka Bongo Fleva kwenda singeli, ukibonyeza kitufe cha kulinganisha mapigo kwenye programu ya DJ nyimbo zinagongana. Singeli nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika, na programu mara nyingine huyasoma nusu, au huweka gridi (mistari inayoonyesha kila pigo lilipo) nje ya pigo la kwanza. Kabla ya shughuli, pitia kila wimbo na usahihishe gridi kwa masikio yako, si kwa macho. Kisha tafuta Bongo Fleva ya mapigo 100 hadi 105, uingize singeli ya 200 hadi 210: pigo moja huku, mawili kule. Na zima masasisho ya kompyuta! Yangu iliwahi kujizima bibi harusi akiwa mlangoni.