Punda Si Kosa la Mwongozaji: Kutazama Filamu Mbili Usiku Mmoja na Kuzipa Alama

Daftari letu la filamu lina ukurasa mmoja wenye namba iliyokatwa. Palikuwa na 2, nikaipiga mstari, pembeni nikaandika 4. Ni filamu ya kutisha ya Wakorea tuliyoitazama juu ya nyumba hapa Langoni, Lamu, Jumamosi moja ya kusi, tukaianza saa tano kasoro dakika kumi usiku. Alama ile ya kwanza niliitoa mimi, na niliitoa kwa dhuluma.

Jumamosi, watu wakishasali Isha, tunapandisha projekta juu na kutundika shuka jeupe baina ya nguzo mbili. Ncha za chini tunazifungia mawe, maana upepo ukivuma shuka hujaa kama tanga na uso wa stelingi ukavimba shavu moja. Tunatazama filamu mbili mpya mfululizo, kila mtu anatoa alama, nami ndiye mshika daftari. Usiku ule tulianza na ya Wahindi, ya kesi mahakamani, saa mbili na dakika ishirini na tano. Nzuri kweli. Khalati, dada wa mama, alilia mara mbili. Ilipokwisha hakuna aliyeinuka, kaka akabonyeza ya Wakorea papo hapo.

Mnamo saa tano na nusu ikafika ile sehemu ambayo mwanamke anafungua mlango wa ghala. Muziki umekatwa, husikii kitu ila pumzi zake. Chini kichochoroni, punda akalia. Aliyeishi Lamu anajua kwamba punda wa hapa hawezi kulia kidogo: huanza kwa kukoroma, akapanda, akafika juu, kisha akashuka polepole kama mtu anayesahau alichotaka kusema. Watu walicheka mpaka khalati akamwaga kahawa. Ghala likafunguliwa, maiti ikaanguka, hakuna aliyejali. Nikaandika 2, na neno moja: "Haitishi."

Wiki mbili baadaye nilikuwa peke yangu chumbani, usingizi umegoma, nikaifungua tena kwenye simu na spika za masikioni. Ilipofika ghalani nilitoa spika moja sikioni ili nisikilize kama kuna mtu nyuma yangu. Hapo ndipo nilipolitafuta daftari.

Tangu siku hiyo nimekuwa mkali wa utaratibu, na nyumbani wananitania kwamba nimekuwa hakimu. Filamu mbili zikitazamwa usiku mmoja huwa zinahukumiana. Ile ya Wakorea ilishindana na machozi ya khalati, na usingizi wangu, na punda, na katika hayo matatu hakuna hata moja alilolitengeneza mwongozaji.

Desturi yenyewe ni ya zamani. Huko Marekani katika miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka na watu wakabana matumizi, majumba ya sinema yalianza kuuza filamu mbili kwa tiketi moja: moja kubwa yenye nyota wa jina, na nyingine fupi ya bei rahisi ya kusindikiza. Mtazamaji alijua ipi ni bibi harusi na ipi ni mpambe. Sisi tunachagua mbili zenye hadhi sawa, kisha bila kujua tunaifanya moja kuwa mpambe kwa sababu tu imekuja nyuma.

Kwa hiyo pangilia kwanza. Yenye maandishi ya kusoma chini iende mbele, macho yakiwa bado yana nguvu. Ukisinzia dakika mbili kwenye filamu ya lugha usiyoijua, umepoteza mazungumzo yote ya dakika mbili hizo. Ya lugha unayoisikia hata ukifumba jicho bado inakufikia. Ndefu nayo itangulie fupi. Kuhusu ya kutisha nimebishana sana na kaka yangu, anayeamini kwamba lazima iwe ya mwisho kwa kuwa usiku ndipo umekomaa. Mimi nasema usiku ukikomaa sana mtu huogopa kitanda kuwa mbali, haogopi jini la kwenye shuka. Iweke mwanzo, giza la saa mbili usiku latosha.

Katikati pumzika, na mapumziko yenyewe yawe ya kweli. Waliolielewa jambo hili zamani ni Wahindi. Filamu zao nyingi huandikwa zikijua kuna mapumziko, ndiyo maana kisa hugeuka ghafla katikati, na hata ukitazama nyumbani kwa intaneti mara nyingine unaona neno la mapumziko likitokea kwenye skrini ingawa hakuna anayekufukuza kwenye kiti. Sisi tunajipa nusu saa. Watu wanashuka mpaka ufukweni kupigwa na upepo, wanarudi na kashata, wengine wanabaki kumalizia sambusa. Sharti ni moja tu: simu zikae mfukoni. Ukitumia nusu saa hiyo kutazama vipande vya video vya sekunde kumi na tano, filamu ya pili itakuchosha kabla haijataja jina lake, na utasema ni ya polepole.

Sasa alama, hapa ndipo penye ugomvi.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kutoa alama kwa mdomo. Ami ndiye mkubwa wa baraza. Akisema "hii takataka," utasikia watu waliokuwa wanafuta machozi dakika tatu nyuma wakisema eh, kweli, haikuwa na mpango. Sasa kila mtu anaandika namba kwenye kikaratasi na kukitia katika kikombe cha kahawa kilicho kitupu kabla hajafungua kinywa. Ami alinuna wiki ya kwanza. "Yaani mimi nifichwe maoni yangu?" Nikamwambia, "La, ami, maoni yako tunayataka, ila kikombe kwanza." Usiku huo filamu aliyoiita takataka ilipata nne kutoka kwa watu watano.

Tunatoa alama kwa tano, na namba zina maana tuliyokubaliana. Tatu ni kwamba nimeridhika na sitairudia. Nne, nitamwambia mtu. Tano, niko tayari kuitazama tena kwa bando langu mwenyewe, na hapo ndipo utajua nani ana mapenzi ya kweli. Nusu nusu tulizipiga marufuku baada ya kaka kutoa 3.75 na kushindwa kueleza hiyo robo ilikwenda wapi.

Na tafadhali usisome alama za watu kabla hujatazama. Si kwamba ni za uongo, ila nyingi hazina maana unayodhani. Ile asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, si wastani wa ubora. Asilimia 90 maana yake ni kwamba katika kila wahakiki mia, tisini waliiunga mkono, hata kama kila mmoja aliipenda kiasi tu. Filamu ya kawaida isiyomuudhi mtu inaweza kuipita filamu kubwa iliyogawanya watu. Netflix nao waliacha nyota tano mwaka 2017 wakaweka dole gumba la juu na la chini, kisha 2022 wakaongeza madole mawili kwa walioipenda sana. Dole lile linausaidia mtambo kukupendekezea kitu kingine. Halimwambii mwenzako chochote.

Kuna jambo jingine lililonisaidia zaidi ya yote haya, nalo ni kuandika sentensi moja filamu ikiwa katikati. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2002, alionyesha pamoja na wenzake kwamba mtu akikumbuka jambo alilopitia, hukumbuka zaidi kilele chake na mwisho wake, na urefu wa katikati hupotea. Filamu nazo ndivyo zilivyo. Saa nzima ya uchovu husamehewa kwa dakika tano za mwisho zenye muziki mzuri. Daftari langu lina sentensi kama "dakika ya 50, bado hatujajua anataka nini" karibu na alama 4, na nikizisoma pamoja najiuliza nani kamdanganya nani. Asubuhi, baada ya chai, naandika namba ya pili kando ya ile ya usiku. Mara nyingi zinafanana. Zisipofanana, ya asubuhi ndiyo ninayompa mtu anayeniuliza.

La mtandao nalisema upesi. Netflix wenyewe wanakadiria mpaka GB 3 kwa saa kwa picha safi ya HD, na GB 0.7 hivi kwa ubora wa kati. Filamu mbili za jumla ya saa nne zitakula GB 12 au karibu GB 3, chagua wewe. Pakua mchana kwenye Wi-Fi, maana filamu inayokwama kila dakika kumi hupewa alama za mtandao. Nilianza kutazama kwa ule mpango wa bure wa Netflix wa simu za Android ulioletwa Kenya 2021 na kuondolewa 2023, na filamu nilizozitazama enzi hizo kwenye kioo kilichopasuka nimeziandika "simu" kwa herufi ndogo, nisije nikazilinganisha na za kwenye shuka. Kama kuna watoto juu, angalia daraja lake kwanza: bodi yetu ya uainishaji wa filamu ina GE kwa wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Ya 16 ikae ya pili, watoto wakishashushwa kulala. Hapa tu ndipo ninapokubali kwamba kaka yangu ana haki kuhusu zile za kutisha.

Bibi yangu haandiki namba. Anakaa kwenye kiti chake cha kamba, anamwambia "ndoo uketi," yaani njoo uketi, kila anayepita mbele ya projekta, na filamu ikisha anauliza swali lake: "Na hawa, hata kula hawali?" Ana madai kwamba watu wa filamu wanapigana, wanapendana, wanazikana, na hakuna anayeketi akatia tonge mdomoni mpaka likamezwa. Tangu aliposema hivyo nimeanza kuchunguza, na nakuapia, wanaagiza chakula, simu inalia, wanaondoka, sahani imejaa.

Ile ya Wakorea kuna mahali mwanamke yule, kabla hajaenda ghalani, anakaa jikoni peke yake anakula wali baridi moja kwa moja kutoka sufuriani, punje hadi punje. Usiku wa punda sikuiona, nilikuwa namimina kahawa. Bibi aliiona. Kwenye kikombe palikutwa kikaratasi kimoja cha ziada kisicho na namba, kimechorwa sufuria.