Bei Nimeiona, Mnunuzi Yuko Wapi?

Wadogo zangu mnaoanza ukaguzi wa hesabu msimu huu, niwaeleze faili langu la kwanza la uwekezaji. Ilikuwa Januari, ofisi ya mteja mitaa ya Posta, kiyoyozi kimekufa. Mteja alikuwa na hisa za kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Nikachukua bei ya kufungia ya 31 Desemba, nikazidisha kwa idadi ya hisa, nikaandika "Ngazi ya 1", yaani bei imetoka moja kwa moja kwenye soko hai, nikaenda zangu kula.

Niliporudi nikamkuta msimamizi wangu ameliacha faili wazi mezani.

"Kijana, hisa hii mara ya mwisho iliuzwa lini?"

"Bei ni hii hapa, bosi."

"Bei nimeiona. Mnunuzi yuko wapi?"

Tukachimba. Biashara ya mwisho ilikuwa ya Oktoba, tena hisa chache tu. Bei niliyoiita ya Desemba ilikuwa ya Oktoba ikijirudia kwenye orodha kila siku. Usiku ule nilirudi nyumbani kwa daladala ya mwisho.

Swali lake ndilo IFRS 13 yenyewe, kiwango cha kimataifa cha hesabu kuhusu kupima thamani ya haki, kinachotumika tangu 1 Januari 2013. Thamani ya haki (mdomoni wote tunasema "fea valyu") ni bei ambayo ungepokea kwa kuuza mali siku ya kupima, katika mauzo ya kawaida kati ya watu wa soko hilo. Bei uliyonunulia haihusiki. Chukua kiwanja cha Kigamboni. Dalali atakwambia milioni 30, na hakuna aliyewahi kuzitoa. Jirani ameuza chake milioni 18 kwa sababu shule zinafunguliwa na ada haijapatikana. Zote mbili si thamani ya haki: ya kwanza ni ndoto ya dalali, ya pili ni bei ya shida. Unatafuta bei ya muuzaji asiyebanwa, akikutana na mnunuzi anayekijua kiwanja na mwenye hela.

Sasa ngazi. Kosa la wageni wengi ni kudhani ngazi ni cheo cha mali: hisa ni 1, hatifungani (dhamana ya mkopo unaolipa riba) ni 2, basi. Hapana, ngazi inafuata taarifa ulizotumia kupima. Ngazi ya 1 ni bei ya mali ileile, kwenye soko hai (linalouza na kununua mara kwa mara), bila kuirekebisha. Ya 2 ni taarifa nyingine zinazoonekana sokoni. Ya 3 ni makadirio ambayo soko halikuonyeshi. Ukichanganya, taarifa ya ngazi ya chini yenye uzito kwenye hesabu ndiyo inayoamua. Kwa soko letu hili ni jambo kubwa: hisa za benki za CRDB au NMB huuzwa mara kwa mara, ila zipo zinazolala wiki kadhaa bila kuguswa. Kwa hiyo usibebe bei peke yake. Beba na historia ya mauzo, tarehe na idadi, uiweke kwenye faili.

Hatifungani za serikali ndizo mtakazokutana nazo zaidi. Chini ya IFRS 9, kiwango cha mali na madeni ya kifedha, mteja anayezishika ili akusanye riba na mtaji tu hadi ziive haziandiki kwa thamani ya haki kwenye mizania. Anayezishika kwa kukusanya na pia kuuza, mabadiliko ya thamani yanakwenda kwenye mapato mengine ya jumla, nje ya faida na hasara. Anayezichuuza, yanaingia moja kwa moja kwenye faida na hasara. Kijana akishasikia kundi la kwanza hupumua, akidhani kazi ya thamani imeisha. Haijaisha: thamani ya haki bado inatakiwa kwenye maelezo ya hesabu.

Fanya hesabu kwa mkono walau mara moja. Hatifungani ya milioni 100, riba asilimia 10, imebaki miaka 2, na soko sasa linadai asilimia 12. Ya kwetu hulipa kila miezi sita, ila tuseme hulipa mara moja kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza, milioni 10, gawa kwa 1.12, kisha riba ya pili pamoja na mtaji, milioni 110, gawa kwa 1.2544 (yaani 1.12 mara 1.12), jumla ni kama milioni 96.62. Mteja atakwambia hajapoteza hata senti. Kweli, akisubiri iive. Leo hii lakini hakuna atakayempa 100.

Ngazi ya 3, mfano hisa za kampuni isiyoorodheshwa, muulize mteja nani alichagua kiwango cha punguzo (asilimia ya kuleta fedha za baadaye kwenye thamani ya leo, kama ile 12 ya juu) na kwa nini. Jibu likiwa "tulitumia cha mwaka jana", vuta kiti ukae. Maelezo lazima yaonyeshe pia thamani ilivyotembea toka mwanzo wa mwaka hadi mwisho.

Kuna hoja moja ya wateja inayonigusa. Mwenye hisa nyingi husema: nikizimwaga zote sokoni leo, bei itaanguka, basi nipunguzie. Kibiashara yuko sahihi kabisa, soko letu ni jembamba. IFRS 13 inakataa: kwenye Ngazi ya 1 ni bei mara idadi, hata kama soko zima lisingeweza kuzimeza kwa siku moja. Nimeandika sentensi hiyo kwenye mafaili miaka nenda rudi, na kila mara naiandika shingo upande.